Damu ya Watu wa Maporomoko

Lukumani alipofunga macho ili asikie vizuri, watu walidhani anasali. Muuguzi huyu wa mtaa wa Kabondo alikuwa na namna yake: anamvisha mtu kitambaa kwenye mkono, anakipuliza kwa kipira mpaka kibane, halafu anaachia hewa kidogo kidogo huku anasikiliza kwenye mkunjo wa kiwiko. Kwanza kimya. Kisha, zebaki ikiwa inashuka ndani ya kioo chake, damu inabisha hodi, to, to, to, na baada ya muda inanyamaza tena. Anaandika namba mbili, ya kubisha na ya kunyamaza. Basi, kazi imekwisha.

Lakini katikati ya namba hizo mbili Lukumani alikuwa anaona mambo. Kwa muuza vitambaa mmoja aliona njia nyembamba iliyojaa watu wanaosukumana. Kwa wavuvi aliona maji mapana, yasiyo na haraka ya kufika popote. Hakumwambia mtu, hata mkewe Madina. Angesemaje? Alikuwa mtu wa miaka thelathini na minne, mwenye cheti cha uuguzi, na ukoo wake, tangu zama za misafara ya biashara, ulijulikana kwa watu wa hesabu na si wa ndoto.

Kazi hiyo alifundishwa na Dokta Anne, Mbelgiji mwembamba aliyefika Kisangani mwaka 1958 akiwa na swali moja. Waliwaandika watu mia mbili na kumi na wawili kwenye daftari kubwa. Nusu walikuwa Waislamu wa Kabondo, wafanyabiashara na mafundi cherehani pamoja na wake zao. Nusu walikuwa wavuvi wa maporomokoni, wale wanaotega mitego yao mikubwa kama majamanda kwenye miti iliyosimikwa katikati ya maji yanayonguruma. Mjini, kadiri mtu alivyozeeka ndivyo tension, yaani shinikizo la damu, ilivyopanda, na kila mwaka wawili au watatu walianguka kwa kiharusi. Kule kwa wavuvi, mzee wa miaka sabini alikuwa na sentimita kumi na mbili kwa saba za zebaki, kama kijana. Kwa nini?

Dokta Anne aliuliza kila kitu: tumbako, pombe, mafuta ya mawese, usingizi, kazi. Mwisho alikwama kwenye chumvi. Watu wa mjini walikula chumvi ya dukani na makayabo, wale samaki waliokaushwa kwa chumvi. Wavuvi walichoma majani ya mtoni, wakachuja majivu yake kwa maji, wakachemsha yale maji mpaka yakabaki vumbi la kijivu chini ya sufuria. Dokta alipeleka kopo moja la vumbi hilo Yangambi, kwa watafiti wa udongo. Jibu likarudi kwa mashua ya wiki iliyofuata: si chumvi ile ya dukani, imejaa potasiamu.

"Inaweza kuwa ni hii," Dokta alimwambia Lukumani. "Inaweza kuwa siyo. Tupime miaka kumi, ndipo tuseme."

Miaka kumi hawakuipata. Uhuru ulikuja mwaka 1960, na wiki chache baadaye Wazungu walianza kuondoka kwa makundi. Dokta Anne alipewa nusu saa ya kufunga mizigo. Alimwachia Lukumani kile kisanduku cha zebaki na daftari, pamoja na anwani yake ya Ulaya kwenye kipande cha karatasi. "Kila miezi sita, Lukumani," alisema, na hakusema jingine.

Lukumani aliendelea kila miezi sita. Hakuna aliyemtuma wala kumlipa. Ijumaa baada ya swala alipima Kabondo. Jumapili, wavuvi wakitoka kanisani, alipima maporomokoni, kwenye baraza ya mama Célestine. Huyu alikuwa mjane mwenye mikono mirefu, namba arobaini na moja katika daftari. Ndiye aliyewaita wengine, akawapanga foleni na kuwanyamazisha. Maji yalinguruma mchana kutwa, na Lukumani akijifungia ndani ya vipira vyake vya masikioni aliona kama mto wote umeingia kwenye mkono mmoja wa mtu na unapita hapo.

Mwezi wa nane wa mwaka 1964 waasi waliingia mjini. Chumvi ilipotea madukani siku ya tatu. Baada ya chumvi wakaanza kupotea watu, hasa waliojua kalamu: makarani, walimu, watu wa posta. Eugène, mtoto wa wavuvi aliyekuwa anapiga mihuri posta, namba sabini na saba, alipigwa risasi pamoja na wenzake wanne. Siku hiyo Madina aliliweka daftari juu ya meza, mbele ya mumewe.

"Papa, hii kitabu itatuua," alimwambia. "Utupe ku maji."

Lukumani alilichukua, pamoja na kisanduku cha zebaki alichozoea kubeba. Alitembea hadi maporomokoni akiwa na nia ya kulitupa, kweli kabisa, lakini alipofika penye povu miguu yake ilishika njia ya kwa mama Célestine, ambaye alikuwa na dari la kukaushia samaki, lenye moshi na giza, pazuri pa kulificha. Hakufika. Njiani alikutana na waasi sita na mkuu wao, mtu mnene wa miaka arobaini na kitu, jina lake Timothée, aliyevaa ngozi ya chui begani na miwani ya kusomea. Timothée alifungua daftari, akaanza kusoma. Alisoma kurasa nyingi.

"Majina mia mbili," alisema. "Ni batu gani? Batu ya kuuza kwa serikali?"

"Hapana, commandant. Mimi ni muganga. Ile ni tension yao, nguvu ya damu."

"Nguvu ya damu haiandikwe."

Lukumani alifungua kisanduku chake. "Leta mukono," alisema.

Walikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Waasi walisogea, bunduki zikielekea chini. Lukumani alifunga kitambaa, akapuliza, na kwa mazoea akafumba macho. Damu ilibisha mapema mno, juu kabisa ya kioo, na haikubisha kwa adabu. Iligonga kama mtu aliyefungiwa chumbani. Akaona reli, treni nzito inateremka bila breki, msitu pande zote mbili.

"Ishirini na mbili kwa kumi na tatu," alisema.

"Iko mingi?"

"Iko mingi sana, commandant. Asubuhi kichwa inauma hapa, ku kisogo?"

Timothée alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. "Nani alikuambia?"

"Hakuna mutu. Wenye damu kama yako, wengi wanasema vile."

Lukumani akarudishiwa daftari, akamwelekeza kwa mama Célestine, aje kupimwa tena kesho.

Kesho yake saa tisa mchana Timothée alikuja peke yake kwenye baraza ya mama Célestine, na siku iliyofuata vilevile. Lukumani alimweleza asile makayabo, ambayo waasi walikuwa nayo tele kutoka maghala ya mji, wala chumvi ya dukani, na kwamba alale kidogo kila mchana. Mama Célestine alimtandikia mkeka. Mtu yule alilala saa nzima, midomo wazi, ngozi ya chui imetundikwa msumarini, na maji yakimfunika kwa sauti yake. Wavuvi walipita kwa kunyata. Ilikuwa ajabu, mchana ule wa dhahabu, kumwona aliyetisha mji mzima amelala kama mtoto mchanga.

Akiamka aliongea. Alikuwa karani wa stesheni Ubundu, mwisho wa reli, miaka kumi na tano akiandika mabehewa. Alizipenda safu za daftari. Alimwonyesha Lukumani namna ya kupiga mistari miwili chini ya jumla, na baada ya wiki tatu, damu yake iliposhuka hadi kumi na nane, alisema, "Na mimi uniandike."

"Commandant, kitabu kilifungwa ku mia mbili na kumi na mbili."

"Bon. Fungua."

Lukumani akamwandika: mia mbili na kumi na tatu. Hakuwahi kumuuliza habari za Eugène. Swali lilifika ulimini kila siku, na kila siku alilimeza, kisha akarudi nyumbani akiona aibu, asijue ni aibu ya kumtibu mtu yule au ya kumwogopa.

Mwezi wa kumi na moja Timothée aliitwa barabarani, kwenye mapigano, na siku tisa hakuonekana. Asubuhi ndege zilipokuja na askari wa kigeni wakashuka kwa miavuli, mji ulilia risasi toka mwanzo hadi mwisho. Ndipo Faustin, mvuvi, kaka yake Eugène aliyeuawa, alipomkuta Timothée ameegemea miti ya mitego ya ukingoni, hana silaha, mdomo umepinda, mkono wa kulia unaning'inia.

Faustin alimtazama. Alisema baadaye kwamba alitaka kumwachia maji. Lakini alimpakia mtumbwini, akamleta barazani, akamweka chini bila upole.

"Batu yake waliua ndugu yangu," alimwambia Lukumani. "Mimi nimemuleta. Usiniombe ingine."

"Siombi," Lukumani alisema.

Alipima mkono wa kushoto. Ishirini na nne kwa kumi na tano. Hakukuwa na dawa. Hospitali ilikuwa imejaa waliokatwa na waliopigwa risasi. Mama Célestine alimlowesha midomo kwa kitambaa. Timothée alitaka kusema, sauti ikatoka bila maneno. Akaomba kalamu kwa ishara, na kwa mkono wa kushoto akachora pembeni mwa ukurasa wa daftari mstari mmoja wa kutetemeka, kisha wa pili chini yake, kama chini ya jumla. Siku ya tatu alfajiri alifariki. Walimzika upande wa wavuvi, na Faustin hakuja, lakini jembe lilikuwa lake.

Lukumani hakupima mtu miezi mingi. Alianza tena mwaka 1965, katikati ya mvua. Kati ya wale mia mbili na kumi na wawili aliwapata mia moja thelathini na mmoja. Wengine walikuwa wamekufa au wamekimbilia msituni. Watu wa Kabondo, baada ya mwaka bila chumvi ya dukani, wachache walikuwa wameshuka kidogo, kama Dokta Anne angetarajia. Wavuvi walikuwa wamepanda. Mmoja baada ya mwingine, wazee kwa vijana, wamepanda.

Mama Célestine alikaa wa mwisho. Kumi na sita kwa tisa. Lukumani alirudia, akarudia tena. Alifumba macho kuyatafuta yale maji mapana, akakuta yanakwenda mbio.

"Ni chumvi?" mama Célestine aliuliza.

"Hapana, mama. Chumvi yako ni ileile."

"Alors, ni nini?"

"Unalala?"

Mama Célestine alitazama mitego. "Tangu mwaka ule," alisema, "nalala sikio moja, ingine inasikiliza."

Lukumani hakuwa na safu ya jambo hilo. Miaka saba alikuwa amejaza namba katika mistari aliyopigiwa na mwingine. Siku ile aligeuza ukurasa mweupe, akaandika kwa Kifaransa, polepole, kwamba chumvi haikubadilika na damu imebadilika, na kwamba yeye anadhani hofu nayo ipimwe. Alinakili yote, akayatuma kwa anwani ya Dokta Anne.

Jibu lilichukua miezi saba. Dokta alisema kwanza alidhani ni kosa la kipimo. Aliuliza kila mtu alipimwa mara ngapi, na kama Lukumani angekubali, kwenye makala ya utafiti wao, jina lake liandikwe la kwanza, kabla ya la Dokta mwenyewe. Madina alitaka kusomewa barua mara mbili. Lukumani alimsomea, kisha akachukua kisanduku chake, kwa kuwa ilikuwa Jumapili na wavuvi walikuwa wanatoka kanisani.