Toni ya Tanzia

Mwalimu wa Kiswahili alikuwa na msemo ambao wanafunzi waliuiga kila alipowapa kisogo: "Kila insha na toni yake, kama kila mlango na ufunguo wake!" Hotuba ipaze sauti, barua rasmi ifunge vifungo hadi shingoni, barua ya kirafiki ivue viatu, wasifu umchore mtu mpaka msomaji atake kumwamkia. Na tanzia iinamishe kichwa, maana inamtaja mtu ambaye hayupo tena. Walimbandika jina la Wino Mwekundu. Alilijua, na lilimpendeza kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Siku ya kurudisha wasifu wa "Mtu Ninayempenda", alianza na daftari la binti wa fundi cherehani, msichana mpole wa dawati la dirishani. Alilisoma mbele ya darasa zima, akiivuta sauti kama yuko msibani.

"Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Alikuwa akishona huku akipiga mluzi. Mluzi ukinyamaza, tulijua uzi umekatika..." Akashusha daftari. "Baba yako amefariki?"

"Hapana, Mwalimu. Yupo nyumbani."

"Sasa mbona unamzika mzima mzima?"

Darasa likaangua kicheko. Binti alifungua mdomo kusema kitu, kisha akaufumba.

"Hii ni toni ya tanzia," Mwalimu akaendelea, kwa raha zake. "Mtu hai hatumwandikii 'alikuwa'. Kasahihishe."

Kesho yake insha ilirudi safi. Baba yangu ni fundi cherehani. Anashona huku akipiga mluzi. Mwalimu alitoa alama zote, akaamuru makofi, na chini ya mstari wa mwisho akaandika neno la kumtia moyo mtoto. Akalisahau papo hapo.

Haikupita wiki, mwalimu wa hesabu akamfuata alipokuwa akinywa chai.

"Dada, hivi yule fundi mmemwambia nini?"

"Fundi yupi tena?"

"Jirani yangu, baba wa yule binti wa darasa lako. Si alipigwa na kiharusi? Mkono wa kulia umekufa, hata kuongea ni kwa kujikokota. Basi juzi kang'ang'ania asogezwe kwenye cherehani. Eti insha imesema anashona!"

Chai ikamgeukia shubiri. Mtoto hakukosea wakati wa kitenzi hata kidogo. Aliandika kama mambo yalivyokuwa nyumbani kwao. Na ule mdomo uliofunguka na kufumbwa, Mwalimu aliuona. Hilo ndilo lililomchoma. Aliuona, hakusubiri, kwa sababu watoto walikuwa wanacheka na kicheko kile kilikuwa kitamu.

Jioni alikwenda kwa fundi. Mke wa fundi alimpokea kwa uchangamfu uliomzidishia aibu.

"Karibu, Mwalimu, karibu ndani! Binti alimsomea baba yake ile insha, mwenzangu, tangu augue sijamwona akifurahi vile. Asubuhi tu akasema, nipelekeni kwenye cherehani. Mguu mzima ukakanyaga vizuri. Ule mkono mgonjwa akauweka kwa mkono mzima juu ya pindo, sindano ikapita kidoleni. Wala hakusikia! Alishtukia damu kwenye kitambaa."

Fundi alikuwa kwenye kiti, kidole kimefungwa bandeji, cherehani imefunikwa shuka pembeni yake. Alitabasamu kwa upande mmoja wa uso.

"Nimekuja kuomba radhi, kaka," Mwalimu akasema. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, sasa yote yamemkimbia. "Insha ya kwanza ilikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekosea. Sikumuuliza mtoto."

Alipomaliza tu, akayasikia maneno yake mwenyewe. Kumbe amemwambia mtu usoni pake kwamba "alikuwa" fundi.

Fundi akavuta maneno, moja moja. "Andikeni... anajaribu."

"Anajaribu kushona?" binti akauliza.

"Na... mluzi."

Akakunja midomo, akapuliza. Ulitoka upepo mtupu. Binti akacheka, mama yake akacheka, na fundi mwenyewe akacheka mpaka machozi. Mwalimu peke yake hakuweza.

Binti akaleta daftari na penseli, akalifungua juu ya goti la baba yake ili aandike. Fundi aliinamia ukurasa, akaona maandishi mekundu chini ya insha. Akayasoma polepole, kwa sauti, kidole chenye bandeji kikiwa kimelala juu ya karatasi.

"Hongera. Sasa... baba yako... yuko hai."

Akainua macho kumtazama Mwalimu. Hayakuwa na hasira hata kidogo, na Mwalimu aliomba moyoni yawe nayo.