Ngumi Kidevuni

Chiriku alizaliwa kiziwi, lakini nyumbani kwao hapakuwa na mtu mwenye maneno mengi kumshinda. Ndiyo maana wakamwita hivyo. Alisema kwa mikono, kwa nyusi, kwa mabega, na akiudhika alisema hata kwa miguu. Umri wa shule ulikuwa bado, na ishara zake zote walizibuni wenyewe, yeye na mama yake, jikoni na kwenye kamba ya nguo, mpaka wakawa na lugha yao ya watu wawili.

Baba yake hakuijua. Alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, mtu wa kulala nyumbani siku mbili tatu kisha huyo, ameshaondoka. Mkewe alimrekodia kila ishara mpya kwenye laptop, video fupi fupi, ili akirudi ajifunze. Akirudi, alikula, akalala, akambeba binti yake mabegani, kisha akasema, "Mke wangu, safari ijayo natulia nazitazama zote." Mkewe alicheka tu. Alimjua.

Halafu mama Chiriku akapata kiharusi. Alirudi kutoka hospitali akiwa hai, na hilo lilikuwa la kushukuru, lakini mkono wa kulia ulining'inia kama kitambaa kilicholowa, upande mmoja wa uso ulikuwa umeshuka, na ulimi ulikuwa mzito kiasi kwamba neno likitoka, linatoka nusu. Dereva akaomba likizo, akakabidhi funguo za lori, akavaa aproni ya mkewe.

Kupika aliweza. Kufua aliweza. Kumwelewa mwanawe ndiko kulikomshinda.

Jioni moja Chiriku alisimama mlangoni mwa chumba cha wazazi wake. Akakunja ngumi, akaigonga kidevuni mara mbili, kisha akamnyooshea mama yake kidole. Baba akaleta maji. Siyo. Akaleta mkate. Siyo. Akaleta mwanasesere, sweta, mwishowe hata sufuria. Chiriku akarudia polepole, ngumi kidevuni, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mama yake kitandani alikuwa ameelewa, macho yalionyesha. Alijikaza mpaka jasho likamtoka. "A... na..." alisema, na neno likakwama hapo hapo. Chozi likamdondoka. Chiriku alipoliona, akageuka, akakimbilia chini ya meza, na hakutaka kuguswa.

Asubuhi dereva akaikumbuka laptop. Akaitoa kabatini, akaipangusa vumbi, akabonyeza. Kioo kikabaki cheusi, ukatokea mstari mmoja wa maandishi meupe, basi. Akazima, akawasha. Mstari ule ule. Ndani yake kitu kikaanza kugongagonga, tik, tik, tik. Akazima tena, akawasha tena, roho juu.

Jirani alipokuja kukaa na mgonjwa, dereva akamshika binti yake mkono, laptop kwapani, wakaenda kwa Mama Bisibisi. Huyo alikuwa fundi wa kompyuta, mama mnene mwenye miwani miwili, mmoja puani na mwingine kichwani. Kibanda chake kilibanwa kati ya fundi viatu na duka la fotokopi, na kila ukuta ulijaa nyaya.

"Umeiwasha mara ngapi tangu iharibike?" aliuliza, akitega sikio juu ya mashine.

"Ah, mama, sijahesabu. Tangu asubuhi nabonyeza tu."

"Basi kipumzishe hicho kidole. Diski inaumwa. Kila ukiiwasha, unamwinua mgonjwa kitandani umkimbize."

Dereva akakikunja kidole. Alikuwa na mgonjwa mwingine akilini.

Mama Bisibisi akaigeuza laptop, akafungua skrubu, akaitoa diski, kitu kidogo kama sanduku la kiberiti lililobonyezwa. Akaiunganisha kwa waya kwenye kompyuta yake. "Hii laptop yenyewe haitawaka leo," akasema. "Ila vilivyo ndani ya diski ni habari nyingine. Nanakili yote kwanza, halafu tutatafuta kwenye nakala. Ninachopata, utakipata. Zaidi ya hapo sikudanganyi."

Wakangoja. Mstari wa kijani ulitambaa kwenye kioo kwa uvivu, ukasimama, ukatambaa tena. Chiriku akachoka kukaa, akamsimulia fundi hadithi ndefu kwa mikono yote miwili.

"Anasemaje?" Mama Bisibisi akauliza, akitabasamu.

"Sijui, mama," dereva akajibu, macho chini. "Ndicho kilichonileta."

Video ya kwanza ilipofunguka, dereva aliduwaa. Mkewe alikuwa amekaa jikoni, uso wake mzima, mikono yake yote miwili hewani, na sauti yake ikitiririka haraka haraka kama zamani. "Baba Chiriku, kama umefika hapa bila kusinzia, hongera!" Dereva akacheka. Chiriku alikuwa ameshaushika ukingo wa meza, akimjibu mama yake kwa vidole, upesi upesi, asimalize.

Mama Bisibisi akavua miwani, yote miwili, akaifuta.

Wakafungua nyingine, na nyingine. Maziwa. Paka wa jirani. Nisubiri. Mwishowe mkewe akakunja ngumi, akaigonga kidevuni.

"Hii usiisahau, mume wangu. Ngumi kidevuni mara mbili ni hasira. Akikunyooshea kidole baadaye, anauliza kama umemkasirikia. Usimwache na swali hilo. Hapendi kulala nalo."

Dereva akashika kichwa. Tangu mama arudi kutoka hospitali, uso haukutabasamu sawasawa na mikono haikujibu kitu. Mtoto alikuwa amekaa siku zote hizo akidhani amenuniwa. Na alipouliza, mama alilia.

"Nitafutie 'mgonjwa'," akasema.

Video ya 'mgonjwa' ikafunguka, ikaganda, ikageuka vipande vya rangi. Mama Bisibisi akajaribu njia moja, akajaribu nyingine, akatikisa kichwa. "Hii imekwenda, baba. Pole."

"Hiyo inayofuata ni nini?"

Ilikuwa 'kulala': shavu kwenye kiganja, macho yamefumbwa. Dereva akaitazama mara mbili. "Hii inatosha," akasema.

Nyumbani alimpandisha Chiriku kitandani kwa mama yake. Akapiga magoti. Akagonga ngumi kidevuni, akamnyooshea mkewe kidole, akatikisa kichwa: mama hajakasirika. Chiriku akamkazia macho, hakuamini. Dereva akauinua mkono wa kulia wa mkewe, akauachia. Ukaanguka juu ya blanketi. Akaweka shavu kwenye kiganja: umelala. Akaligusa shavu lililoshuka: nalo limelala. Kisha akaligusa shavu la upande wa pili, na hapo mama Chiriku akatabasamu kwa nusu aliyobaki nayo.

Chiriku akautazama ule mkono. Akautikisa kama mtu anayemwamsha mwenzake. Akaupulizia. Ulipogoma, akaukumbatia kifuani. Mama yake akainua mkono wa kushoto, mkono usiozoea kusema, akafanya ishara moja ya kigugumizi. Chiriku akapiga ukelele wa furaha, akajitupa juu yake. Ishara hiyo dereva hakuijua, na hakuuliza.

Video nyingi zilipona. Zilizopotea, Chiriku mwenyewe ndiye aliyezifundisha upya, na dereva akazirekodi kwa simu, mkewe akiwa ameegemezwa mito na kusimamia. Mwalimu alikuwa mkali. Siku ya 'mvua', vidole vya dereva, vinene kwa usukani, vilikataa katakata. Alikosea, akakosea tena, Chiriku akajipiga paji la uso.

"Kichwa... kigumu," likatoka kitandani, maneno mawili, yote mazima.

Dereva akageuka, aproni imemkaa upande. "Umesemaje?"

Mkewe alikuwa ameanza kucheka, hawezi kurudia. Chiriku akawatazama mmoja baada ya mwingine, akamvuta baba yake shati, akitaka kujua nini kimesemwa, na dereva akaketi ukingoni mwa kitanda, akaanza kutafuta mikono ya kumwelezea.