Nyumba ya Wasiochanganyika

Jumapili baada ya chakula cha mchana, muuguzi alikuwa akimchua baba yake magoti, mama akikunja nguo kwenye kochi. Binti akaona huo ndio wasaa. Akasema amepata mchumba: daktari wa mifugo, yule aliyemtibu paka wao.

"Yule mweusi?" baba akauliza.

"Ndiye, Baba."

"Sisi Wahindi hatuchanganyiki."

Ukuta wa upande wa jikoni ukasogea ndani kama shubiri moja. Mama akainuka, akavuta kochi, akaendelea kukunja nguo.

Si kwamba lilikuwa jambo geni. Babu, aliyeteremka melini akiwa kijana, alijenga nyumba ya vyumba saba. Viwili vilikwenda shangazi alipokatazwa mume wa dhehebu jingine. Ukumbi uliliwa siku baba alipomfukuza mpangaji, Mhindi mwenzao, kwa kuwa ukoo wake huko India uliwahi kushona viatu. Baba mwenyewe India hajaikanyaga, na jina la kijiji cha babu hulichanganya na la sabuni fulani.

"Juzi benki si uligomba kwa kuitwa mgeni?" binti akasema. "Ukapiga meza, ukasema umezaliwa hapa."

"Hilo ni jambo jingine kabisa."

Ukuta wa pili ukaja. Mama akalihamishia kabati uani.

Mchumba alipokuja kujitambulisha, baba alimpokea kwa bashasha zote. Akaagiza aletewe chai katika kile kikombe cha bati walichotengewa mafundi bomba. Muuguzi akakinyakua, akampa mchumba kikombe chake mwenyewe.

"Wewe ni kijana mzuri, umesoma," baba akasema. "Mimi sina ubaguzi hata chembe. Lakini watu wetu watasema nini?"

Dari ikashuka. Kijana, aliyekuwa mrefu, akainamisha kichwa.

"Samahani, mzee, dari imenifikia."

"Usijali. Ukiondoka itapanda."

Haikupanda. Muuguzi akapakia nguo zake huku amepiga magoti, akamkumbatia mama, akatoka akitambaa. Walioana mwezi uliofuata. Baba hakwenda. Alibaki akiwapigia simu ndugu zake waliohamia ng'ambo, akisikitika nao jinsi wazungu wa huko wanavyowadharau, na kwa kila simu nyumba ikajikunyata. Siku nafasi ilipomtosha mtu mmoja tu, mama alitoa kiti chake nje, akakaa, wala hakurudi tena.

"Huku kuna hewa," alisema.

Mtoto alipozaliwa, muuguzi alimleta. Nyumba ilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo, yenye dirisha moja, na dirishani alikuwepo baba, magoti yamemfika kidevuni. Muuguzi akamwinua mtoto.

"Mjukuu wako, Baba."

Baba akaminya macho. "Amechukua rangi ya nani?"

Mama akaweka birika chini, akampokea mtoto, akamgeuza uso usielekee dirishani.

"Toka nje umwone mwenyewe," muuguzi akasema.

"Nitoke?" baba akashangaa. "Nyumba yote hii nimwachie nani?"

Akavuta kiwiko chake ndani, maana dirisha nalo lilikuwa linajifunga.