Mama Mkwe Amemzamisha Katongo

Nilipofika katikati ya kitabu cha pili nilizima mashine. Watu waliokuwa kwenye mstari na mabeseni yao ya mahindi walidhani mkanda umekatika. Nikawaambia mkanda ni mzima, ila Katongo amezama, na mimi sisagi unga wa mtu yeyote mpaka nijue kama anatoka majini.

Hakutoka. Nilisoma mpaka ukurasa wa mwisho, nimekaa juu ya gunia, huku wateja wakinitukana kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Nilipowasha mashine tena nilisaga kwa hasira, na unga wa siku ile ulitoka laini kuliko siku zote.

Katongo ni muhanga, yule mnyama wa pua ndefu na makucha ya kuchimbua vichuguu. Katika kitabu cha kwanza, Mlango wa Malakiti, yeye ndiye anayemchimbia msichana Nkandu njia ya kwenda katika nchi iliyo chini ya migodi, ambako milima inatembea na wafua shaba wa zamani hawajafa. Nkandu ni msichana jasiri, sina neno naye. Lakini kitabu ni cha Katongo. Anakula kupita kiasi, analalamika, anawapigia wafalme kelele, na akiogopa anasema waziwazi kwamba anaogopa. Kisha kikaja cha pili, Mvua ya Chini. Ukiwa ndiyo kwanza umeizoea hiyo mvua, Katongo anaingia mtoni kumsukuma Nkandu ukingoni, maji yanamchukua, basi. Mistari miwili. Baada yake ni sura nne za harusi ya mtoto wa mfalme.

Mwandishi mwenyewe hayuko mbali. Ni mama mkwe wangu, Mama Edith. Alifundisha shule ya msingi kule Lukafu maisha yake yote, na alipostaafu alikuja Lubumbashi kukaa kwa mwanawe Stanislas, nyumba inayopakana na yangu. Kati ya baraza yao na mashine yangu kuna ukuta wa matofali tu. Asubuhi anaandika barazani, vitabu vyake vinachapwa mjini, na watu wanavinunua, hasa wakitoka misa.

Tatizo ni kwamba mimi na yeye hatusemezani. Hatujagombana. Mke wangu Delphine ni wa wenyeji wa upande wa Kinsevere, na kwao mwanaume hamsemeshi mama mkwe, hamtazami usoni, hali mbele yake, mpaka siku familia ya mke itakapompikia na kumwingiza nyumbani rasmi. Sisi watu wa kaskazini, wajukuu wa wafanyakazi wa reli, heshima tunayo, lakini si kali hivyo. Siku yangu ya kuingizwa ilipangwa na kuahirishwa, mara msiba, mara Stanislas yuko safarini, mara watu wanalima. Miaka ikapita. Nikimwona Mama Edith njiani, ninaingia kwenye geti lililo karibu, hata kama ni la watu nisiowajua. Yeye anajifunika kikwembe, kitenge chake, usoni. Binti yetu Tracy anasema tunafanana na wezi wawili waliokutana ndani ya nyumba moja.

Basi nilimtuma Delphine. Nilimpa maneno mafupi: katikati kitabu kinalala, harusi ni ndefu, Katongo arudi. Akaenda, akarudi na sahani ya karanga.

"Mama anasema aksanti," akaniambia. "Anafurahi sana kama kitabu inakupumuzisha."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia unakisoma na roho ya pole."

"Na Katongo?"

"Nilisema unamukumbuka."

Delphine ni hivyo. Ukimpa pilipili aipeleke kwa jirani, itafika ikiwa sukari. Na kitabu chenyewe hajakisoma; wanyama wanaosema wanamnyima usingizi.

Jioni ile Tracy, ambaye ndiye anayemchapia bibi yake maandishi kwenye kompyuta, alinipa habari mbaya zaidi. Kitabu cha tatu kilikuwa kimekwisha, kilikuwa kinakwenda kwa mchapaji Jumatatu, na Katongo hayumo. Nikauliza hata kidogo. Tracy akasema hata ukucha.

Mtu atacheka, mwanaume mwenye mvi kwenye ndevu kuhuzunikia mnyama wa karatasi. Acheke. Shule niliiacha mapema. Vitabu nilivyokutana navyo baadaye vilijaa watu wanaosema vizuri kuliko mimi, na nilivisoma kama mtu aliyealikwa mezani na matajiri, anaogopa kushika kijiko. Katongo alikuwa wa kwanza kuniambia nikae nile. Nilitaka arudi, na nilikuwa na wiki moja.

Sasa, kazi ya mashine ya kusaga inamharibu mtu sauti. Sina sauti ya chini. Nikimwambia mtu siri, wanaisikia mpaka barabarani. Kwa hiyo siku iliyofuata nilifungua Mvua ya Chini mbele ya mstari, nikazima mashine, nikawasomea wateja sura ya kwanza ya harusi, yote, na salamu zake zote. Kisha nikauliza nani bado yuko macho. Rafiki yangu Rigobert, dereva wa teksi anayeleta mahindi ya mkewe, alisema yeye amelala tangu walipoanza kutaja majina ya mashangazi. Niliendelea kueleza kinachonikera. Nilieleza pia kinachonifurahisha, kwa sababu mimi ni mtu wa haki: mvua inayonyesha kutoka chini kwenda juu, na wafalme wanaovaa makoti yao kichwa chini miguu juu ili wasiloe. Pale watu walicheka. Upande wa pili wa ukuta, redio ya Mama Edith ilizimwa.

Kesho yake ukuta ukajibu. Hakuwa akinisemesha mimi, hilo lieleweke. Alikuwa akimsemesha kuku wake.

"Kuku, unasikia?" alisema, kwa sauti ya mwalimu inayofika dawati la nyuma. "Kuko bantu banataka kitabu yote ikuwe kula na makelele. Harusi haibaingii."

Nikamgeukia Rigobert. "Harusi inaniingia, Rigobert. Lakini kwenye harusi bantu banakula. Hapa tunasimama sura nne bila hata bukari."

Mstari mzima, watu waliokuja kusaga unga wa bukari, yaani ugali, ulicheka. Ng'ambo kulitoka kicheko kimoja kifupi, kilichokatwa kama mtu aliyezibwa mdomo kwa kitambaa. Kisha kuku akaambiwa kwamba wale wanaoona kuandika ni rahisi waandike vyao.

Tukaenda hivyo siku baada ya siku. Watu walianza kuleta mahindi nusu beseni ili wapate sababu ya kusimama pale. Mimi nilimshambulia Rigobert, Mama Edith alimshambulia kuku, na hakuna aliyevunja heshima. Kuku alikiri mambo fulani. Alikiri kwamba sura ya pili ya harusi ilikuwa ndefu kwa sababu mwandishi aliiandika akiwa na homa. Lakini kuhusu mfalme wa kitabuni asiyejua kutabasamu, niliyesema ananichosha, hakurudi nyuma hata kidogo, na nikirudia kusoma naona alikuwa na haki. Mfalme yule anaingia mtu moyoni polepole.

Ijumaa niliamua kuuliza wazi. "Rigobert," nilisema, "mimi sielewi kitu kimoja. Juu ya nini alimuzamisha Katongo?"

Sauti ya ng'ambo ikaja, safari hii ya chini.

"Kuku. Kama mutu anajikuta mu kitabu, na pua murefu vile, atafurahi?"

Mlango ukafungwa.

Nilimtazama Rigobert. Rigobert alitazama beseni lake. Watu wote kwenye mstari waligundua kwamba viatu vyao vinahitaji kuangaliwa.

"Nini?" nikasema.

"Papa Liévin," akasema Rigobert, "kweli haukujua?"

"Kujua nini?"

"Katongo ni wewe, vieux. Mutaa muzima unajua."

Niliingia ndani nikachukua Mlango wa Malakiti. Nilifungua pale Katongo anapolinda lango, wafalme waliokufa wamepanga foleni, naye anawaambia atakayesukuma mwenzake atasaga mahindi kwa meno yake. Hayo ninayasema kila asubuhi. Nikageuza kurasa. Analalamikia magoti yake kama ninavyoyalalamikia yangu, kuanzia la kushoto. Anamfukuza mfanyabiashara wa mikanda mibovu kwa maneno niliyomfukuzia mtu mmoja pale mlangoni kwangu, neno kwa neno, na yale mabaya yameondolewa. Na mimi nilikuwa nimecheka miaka miwili nikijisemea mnyama huyu ana akili sana.

Nilicheka mpaka Delphine akatoka jikoni na mwiko mkononi. Yeye pia alijua. Akanieleza kilichotokea. Stanislas aliposoma kitabu cha kwanza alimjia juu mama yake: mkwe hajaingizwa bado, na wewe umeshamfanya mnyama wa mashimo, siku akielewa ataitisha kikao cha familia mbili, na tutaficha wapi sura zetu. Mama Edith akaogopa. Akamzamisha Katongo kabla sijamtambua. Siku aliyoandika mistari ile miwili, Delphine alisema, hakula.

Nikamwambia aende sasa hivi akamwambie mama yake kwamba sijakasirika. Akavua aproni. Nikamzuia, maana niliona sukari tayari inaingia machoni mwake.

"Ngoja. Usiseme ile. Sema tu: Liévin anataka kusema naye kinywa kwa kinywa."

Maneno hayo aliyafikisha kama yalivyo, labda kwa sababu yalikuwa machache. Jibu halikukawia. Lilikuja na Stanislas, kichwa chake juu ya ukuta, uso umekunjamana.

"Mama anasema tunakuingiza Jumapili," akasema. "Kitabu itangoja. Miaka yote tunaahirisha juu ya misiba, sasa tunakimbia juu ya muhanga."

Jumapili, baada ya misa, shangazi zake Delphine walifika kutoka Kinsevere na vyungu vichwani. Tukasikia ngoma nyumbani kwa Stanislas. Rigobert alinisindikiza, maana mkwe haendi peke yake, na alivaa suti ambayo sijui aliitoa wapi. Nilikalishwa juu ya mkeka. Shangazi mmoja alifunua vyungu kimoja kimoja akinionyesha: kuku mzima, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa ziwa Moero, viwavi vya kukaanga, mlima wa bukari, na munkoyo, kinywaji cha mahindi, kwenye kibuyu. Kila kifuniko kilipoinuliwa waliimba. Walinieleza kwamba kuanzia leo naweza kuingia jikoni humu nikafunua chungu mwenyewe, na kwamba atakayenifukuza amewafukuza wao.

Kisha Mama Edith akaja, akakaa kwenye kigoda mbele yangu, akateremsha kikwembe kichwani. Nilimtazama. Ana miwani mikubwa, na vishimo mashavuni kama vya Delphine. Wakati wote nilikuwa ninajiuliza mke wangu alivitoa wapi.

"Liévin," akasema. "Sasa sema."

Watu walingojea shukrani. Delphine alikuwa amenifundisha asubuhi nzima, na maneno yalikuwa mazuri.

"Mama, aksanti kwa chakula," nikasema. "Zile sura za harusi, hata kama kitabu imeshatoka, mungezikata. Zinalala."

Delphine alijifunika uso kwa mikono miwili. Shangazi mmoja akasema eeh, akakaa chini.

"Zote?" akauliza Mama Edith.

"Mungeacha ile bibi arusi anakimbia. Ile iko muzuri sana."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama anayesahihisha hesabu ya mtoto na kukuta amepata. "Na Katongo?"

"Mumurudishe. Na pua yake vile iko. Sikukasirika kwa sababu mulinitia mu kitabu, Mama. Nilikasirika wakati mulinitoa."

Alivua miwani akaifuta kwa pindo la kikwembe, muda mrefu. Alipoivaa tena alikuwa mwalimu.

"Siwezi," akasema. "Amezama mbele ya bantu. Nkandu amelia. Basomaji balilia. Nikimurudisha hivi hivi, bataniita mwongo."

Hapo ndipo tuligombana kweli, uso kwa uso, kwa mara ya kwanza, na nilifurahi kama mtoto. Nilisema muhanga akifika chini ya mto anachimba. Yeye akasema mto ule hauna chini, ameandika hivyo, je, nilisoma au nilisinzia? Nikasema kitu kisicho na chini hakishiki maji. Akasema nchini kule maji ni yake, yanashika anavyotaka yeye. Rigobert akapendekeza samaki amemmeza; hata shangazi ambao hawajasoma walimkataa. Mtu alisema chakula kinapoa. Hakuna aliyemsikiliza.

Stanislas alikuwa amekaa pembeni na glasi yake ya munkoyo, bado amenuna. Akasema, kana kwamba anaisemesha glasi, "Kama muto hauna chini, basi atatokea upande ingine."

Mama Edith alimgeukia mwanawe na kumtazama kama mtu aliyekuta ng'ombe anaimba kanisani.

"Upande gani?"

"Huku kwetu. Anatoboa katikati ya parcelle, mu kiwanja ya mutu."

"Kwenye mashine ya kusaga," akasema Tracy, na kompyuta ilikuwa tayari magotini mwake.

Wanawake walipiga vigelegele kabla hata hawajaelewa. Mama Edith alisogeza kigoda mbele. Aliniambia nifikirie: ametoka chini ya ardhi, amefunikwa unga, watu wamesimama na mabeseni yao wanamshangaa. Anasema nini kwanza?

Chumba kizima kiliningoja. Nikasema angeanza kwa kueleza alikopita, na baridi ya maji, na jinsi walivyomwacha bila hata kumtafuta, halafu angewauliza Nkandu yuko wapi, halafu…

"Ndefu," akasema Mama Edith. "Mutu anatoka kufa, hatoe hotuba."

Nikafikiri tena. Harufu ya kuku ilikuwa imefika puani.

"Niko na njaa," nikasema.

"Ile," akasema. "Tracy, andika ile."

Tracy akaandika. Mama Edith akavuta chungu, akakata paja akaniwekea kwenye sahani, kisha akajikatia na yeye kipande akakiweka kwenye sahani hiyohiyo. Tukala pamoja, mimi na yeye, tukiendelea kubishana kuhusu harusi.