Méthode Anasoma Ukurasa wa Kumi na Nne

...na hiyo kofia ameikata mwenyewe kwa katoni ya kazini na inamkaa vizuri, hilo ndilo linaloniudhi, angetokea na kofia mbaya ningefurahi kidogo kabla ya kazi yenyewe, lakini hapana, Méthode amependeza ndani ya kisanduku chake cha Zoom, anakohoa, anasogeza simu karibu na macho, anatafuta ukurasa wa kumi na nne nilioubadilisha asubuhi hii nikawatumia wote bila neno, soma, baba, soma... "Sawa jamani, kimya kidogo," anasema Peninah, "Méthode, wewe mchunga ng'ombe umemkuta mjane Rosa barazani, unamuaga unaenda zako, na uchangamke, haya ni mapenzi ya kuchekesha, si mazishi." Peninah ni nesi, Mkenya, hajawahi kuongoza mchezo wowote lakini sauti yake ya wodini inatosha, tunamtii sote, hata yule kijana Patient anayecheza nyumbu. Kanisa liliomba kitu cha kuchekesha watu wakati huu wa lockdown, nami mwezi wa sita nikaandika wachunga ng'ombe wa Amerika, vumbi la Arizona, mjane mwenye shamba na bunduki, huyo nacheza mimi, mwanamume mwenye maneno matamu, nilimwandikia yeye Méthode, nilikuwa bado mchumba wake, harusi ilikuwa ifanyike mwezi wa tisa... halafu ile Jumanne, kwenye parking ya nyumba ya wazee pale Lidcombe, pua bado inawasha kwa kipimo cha Covid, dakika nne kabla ya shift, ujumbe wake wa sauti wa kuniacha, nikausikiliza mara moja, nikaingia kumwogesha bibi wa miaka tisini na moja, nikamwogesha vizuri, hakuna aliyejua. Na yeye akawaambia watu wote kwamba mimi ndiye niliyemkataa, kwamba nimepata Mzungu kazini, mpaka mama yake, Mama Gloriose aliyekuwa ananiita mwanangu, wiki nane hajapokea simu yangu. Yuko hapo nyuma yake sasa, huko kwao Campbelltown, anachambua maharage, amekuja kusikiliza. Vizuri, Mama, usiondoke. Helikopta ya polisi wanaolinda lockdown inapita tena hapa kwangu Guildford, nafunga dirisha, sitaki kupoteza hata neno moja... "Rosa," anasoma Méthode, kwa sauti nene ya mchunga ng'ombe, "Mungu amenionyesha katika maombi kwamba njia zetu ni mbili," na Patient anacheka tayari, "mimi ni mtu wa safari, moyo wangu haujui kufungwa kamba," wote wanacheka, mtu wa safari, mwendesha forklift ghalani ambaye safari yake ndefu ni treni ya kutoka Campbelltown mpaka kwangu, na mimi nilikuwa nayabeba maneno yake haya kifuani kama msiba, kumbe yanachekesha hivi, Mungu wangu, yanachekesha... amesita. Ameyatambua. Nimeliona jicho lake likinitafuta kwenye skrini, haya, nitazame, mbele yako kuna watu kumi na wawili na mama yako, utafanya nini? "Endelea, bwana, vizuri sana!" anasema Peninah, naye Méthode ameshusha simu chini, midomo inaendelea yenyewe, polepole, bila unene, "usilie sana... utapata mwingine... wa kiwango chako." Wanapiga makofi. Mama Gloriose peke yake hacheki, mkono umebaki ndani ya maharage. "Méthode," anasema, "simu umeishusha, mbona bado unasoma?" Anasukuma maharage pembeni. "Haya maneno umeyajua wapi kwa kichwa? Ukurasa si ulisema umekuja leo?" Kisha anainama mpaka uso wake unajaa kisanduku kizima, "Bibiane. Mwanangu. Huyo mjane anamjibu nini?" Mwanangu, amesema mwanangu, na ukurasa wa kumi na tano huu hapa magotini, sikuwatumia, nilitaka kuusoma mwenyewe, mistari minane, jina la Falone, huyo mwanamke wake, mara sita, Falone akimbeba kwenye gari lake, Falone tangu Pasaka, nimeifanyia mazoezi bafuni wiki nzima mpaka naweza kuitema kwa pumzi moja... na sasa naiangalia na ni mibovu, vraiment, kwa kweli ni mibovu, mwanamke mwenye shamba na bunduki, mchana kweupe, anatumia mistari yote minane kutaja mwanamke mwingine? Rosa wangu? Hapana. Nachukua kalamu. Nafuta Falone wa kwanza, wa pili, nafuta wote. Asiseme kitu. Amtazame tu. Akae barazani pake amtazame yule mwanamume mpaka jasho limtoke chini ya kofia, hiyo ndiyo adhabu, wala risasi haipotei. "Bibiane, ni zamu yako," anasema Peninah. Najua. Namtazama. "Bibiane, unatusikia?" Nawasikia vizuri sana, nimeketi wima, mikono magotini, namtazama, sina haraka, leo sina shift... na Méthode anavua kofia, anageuka nyuma, anasema kwa sauti ndogo, "Mama, kuna kitu nilitaka kukuambia..."