Kuku wa Saa ya Chai

Kazi ya mama Kipepeo ilikuwa kuokota mayai kwenye banda refu la kuku. Alisukuma kitoroli kati ya safu za vizimba vya waya, mayai mazima akiyapanga kwenye trei, yenye ufa akiyatia kwenye ndoo. Mazima yalikwenda sokoni. Yenye ufa walipewa wafanyakazi, kila mmoja yale ya safu yake, maana safu ya mwenzio huigusi. Watoto wa nyumba za wafanyakazi walinawiri mashavu kwa mayai hayo.

Kisha tajiri akaamuru kila kizimba kiongezwe kuku mmoja. Kuku wakabanana bega kwa bega, hakuna wa kugeuka wala wa kunyoosha bawa. Haikupita muda, mikono ya walaji wa mayai yale ikakataa kufunguka. Viwiko viling'ang'ania mbavuni, viganja vikabaki mbele ya tumbo, basi. Mtu aliweza kula, kuandika na kufunga vifungo vyake. Kunyoosha mikono, hapana.

Maisha yaliendelea. Fundi cherehani alipunguza upana wa mashati, akafurahia kitambaa kilichobaki. Mwalimu alipanga watoto wengi zaidi kwenye benchi moja, akasema afadhali, sasa darasa limetulia. Golikipa wa timu ya wafanyakazi alifungwa mabao mpaka watu wakachoka kuhesabu, wakamhamishia beki.

Aliyeumia ni mama Kipepeo. Bintiye alipata jina hilo kwa sababu, tangu ajue kutembea, kila akimwona mama yake anarudi kazini alitimua mbio mikono ameitanua, akajitupa kifuani mwake nusura wote waanguke. Sasa alikuja mbio vilevile, ila akifika anasimama. Walibaki kutazamana kama watu wanaosubiri kutambulishwa. Mama aliingia ndani kubandika chakula huku moyo unamuuma. Aliacha kumpikia mayai, haikusaidia kitu.

Alimfuata bwana mifugo siku aliyokuja kukagua banda.

"Ndiyo, hutokea," bwana mifugo alisema. "Kuku akibanwa, anayekula yai lake naye hubanwa. Dawa yake ni nafasi."

"Si waongezewe nafasi, basi?"

"Dada yangu, vizimba hivi nimevipima mwenyewe kwa rula. Viko ndani ya kipimo." Akataka kumpungia mkono wa kwaheri, kiganja kikaishia tumboni. Naye alikuwa akifungiwa mayai kila akija.

Jioni moja mlango wa kizimba ulichomoka, kuku mwekundu aliyenyonyoka shingo akadondoka njiani kati ya safu. Msimamizi alikuwa getini anakunywa chai. Kuku alisimama kwanza, kwa kuwa sakafu alikuwa haijui. Kisha akanyoosha bawa moja, akanyoosha la pili, akayatanua yote mawili na kujikung'uta. Mama Kipepeo hakuwa na haraka ya kumrudisha. Alimrudisha aliposikia viatu vya msimamizi.

Nyumbani alipokelewa na mama mkwe wake akiwa bado anaokota maharage sakafuni.

"Mwanao kakunjuka leo," bibi alisema. "Tunachambua maharage, mara mikono hiyo! Ungo kule. Halafu akanikumbatia, akakaza, lo, mgongo wangu huu! Mara ikajifunga tena."

"Saa ngapi, mama?"

"Kengele yenu ya chai ilikuwa ndiyo kwanza imelia."

Mama Kipepeo akaelewa: mayai aliyokuwa akimpikia mwanawe yalitagwa na yule mwekundu. Kesho yake aliomba auziwe yule mwekundu.

"Kuku anayetaga hauzwi," msimamizi alisema. "Na kwenye nyumba za kampuni hakufugwi kuku, ni kwa ajili ya magonjwa. Akiacha kutaga tutampeleka kuchinjwa. Hapo njoo."

Hakusubiri hapo. Kengele ya chai ikilia, alimfungulia. Wenzake walipojua, kila mmoja alitaka kumfungulia wa kwake. Lakini ile njia ni nyembamba: wakitoka wengi wanasukumana tu, na hakuna bawa linalonyooka. Wakakubaliana zamu, kuku mmoja kila chai. Anayefungua ni mwenye safu, na getini hatoki mtu mpaka king'ora cha mwisho. Kuku wengine walitoa shingo kwenye waya, wakatazama.

Wafanyakazi ni wengi, chai ya msimamizi ni kikombe kimoja. Zamu ya Kipepeo ilichelewa mpaka bibi akaanza kuiulizia. Ilipofika, mama alishikilia mlango wa kizimba, akamwangalia mwekundu anavyojitanua, naye akajiambia hapo mwanangu yuko wazi. King'ora kilipolia akaenda nyumbani mbiombio.

Kipepeo alikuja mbio, akafika, akasimama.

"Leo umemkumbatia nani?"

"Bibi. Na nguzo ya kuanikia nguo. Na yule mtoto wa jirani, ila alilia." Akafikiri kidogo. "Zamu ijayo nataka nikukumbatie wewe."

"Zamu ijayo nitakuwa bandani, mwanangu. Nani atamfungulia?"

"Basi inayofuata hiyo."

"Na hiyo pia."

Kipepeo alitikisa kichwa kama mtu mzima aliyeelezwa jambo likamwingia. Barabarani lilipita lori la kreti, limeleta kuku wengine wa kuongeza vizimbani. Mama alipiga magoti vumbini, akainamisha kichwa, akakipenyeza kati ya vile viganja viwili. Kiliingia mpaka kwenye masikio.