Mshipi wa Nne

Mshipi wa nne ulikataa kufunguka. Béata aliuvuta kwa vidole, akaung'ata kwa meno, akamwomba Bikira Maria amsaidie, na fundo likabaki limekaza kama ngumi. Straton, marehemu mumewe, ndiye aliyelifunga mwaka wa mwisho wa uhai wake, na Straton hakuwa mtu wa kufunga kitu ili kije kufunguliwa. Mwishowe aliingia ndani, akarudi na kisu, akaukata.

Alitaka ingobyi itoke mikononi mwake ikiwa safi. Ilikuwa machela ya kusukwa, ndefu kama kitanda, yenye miti miwili ya kubebea na mishipi minne ya ngozi ya kuishikilia. Kwa miaka ishirini ilining'inia chini ya paa lake, huku juu ya kilima cha Nyamyumba ambako gari halifiki. Mgonjwa akizidiwa, ukelele ulipigwa, kila nyumba ikatoa mwanaume mmoja, wakamshusha hadi barabara ya Rubona. Béata, mjane asiye na mtoto wa kiume, alipewa kazi ya kuitunza.

Sasa mipaka ya vijiji ilikuwa imepangwa upya. Mstari ulipita kwenye mikaratusi. Nyumba kumi na saba za juu zikawa kijiji kingine, na mkutanoni waliambiwa kwamba kikundi cha ingobyi kilichokaa katika vijiji viwili si kikundi tena. Vikundi vyote vingeunganishwa, na vifaa vyote vingehifadhiwa kwenye stoo ya akagari, yaani kata, chini kando ya lami. Gitifu, yule katibu mtendaji wa akagari, angekuja kuichukua leo saa tisa. Béata aliitikia kwa kichwa. Serikali ikisema alitii, kama alivyotii kengele ya misa. Lakini tangu siku ile usingizi ulikuwa ukimkatikia, na mikono yake ilitafuta kazi hata pasipo na kazi.

Saa saba Muhire, wa zile nyumba za juu, alishuka mbio kutoka mikaratusini, miguu mitupu.

"Mama Béata! Muke wangu Liliane iko anazala tangu asubui! Mutoto hatoke, damu tu!"

Bizumuremyi, mvuvi wa nyumba ya pili ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, alichungulia juu ya ua.

"We si uko kijiji ingine sasa? Juzi ulipiga makofi kwa mukutano, mi nilikuona. Enda uite ingobyi ya kwenu!"

"Kwetu haina."

"Bon. Nilikuwa nauliza tu." Alikuwa amekwisha kukunja suruali. "Mama, leta hiyo kitu. Unaangalia nini?"

Béata alikuwa anaangalia beseni. Mishipi mitatu ililala majini, imelainika kama matumbo ya samaki. Wa nne ulikuwa vipande viwili.

"Nimeukata," alisema. "Yesu wangu, nimeukata kwa mkono wangu mwenyewe."

"Donc funga na kitu ingine!"

Alivua kitenge alichojifunga juu ya gauni, kile cha akina mama wa parokia, akakisokota, akakipitisha chini ya mti na kukaza. Fundo lilipokamilika aliliangalia akashtuka: lilikuwa la Straton. Vidole vilikumbuka peke yao.

Wanaume wengi walikuwa ziwani au sokoni. Walipatikana watatu tu: Bizumuremyi, Muhire mwenyewe, na jirani yao Jean de Dieu. Walipanda hadi kwa Muhire, wakamlaza Liliane, uso wake wa rangi ya majivu, na ncha moja ya mti ikabaki bila bega. Mwanamke habebi ingobyi. Hufuata nyuma na mkeka. Béata alikunja kitambaa cha kichwa, akakiweka begani, akaingia chini ya mti.

"Mama, we ni mufupi. Itainama."

"Basi na wewe inama."

Walishuka wakiteleza. Kila hatua Béata alihesabu Salamu Maria moja, na kila hatua alisikia kitenge kikilia kwa uzito. Kikikatika, ni kisu changu, aliwaza. Ni kisu changu na utii wangu.

Kwenye kona walikutana na mtu akipanda, viatu vyeusi, faili kwapani. Alikuwa Gitifu Donat, aliyekulia Tanzania.

"Shikamoo, mama. Nilikuwa nakuja kwako." Akamwona Liliane. "Huyu ni wa kijiji gani?"

Kwenye kilima hicho, ingobyi yenye mtu hupishwa njia, na mwanaume anayekutana nayo hugeuka akatoa bega. Ikiwa tupu, hakuna anayeipisha.

"Gitifu," Bizumuremyi alihema, "huyu mama iko na miaka makumi sita. Bega ya serikali iko wapi?"

Donat aliangalia viatu vyake. Kisha akamkabidhi Béata faili na kuingia chini ya mti. Béata alijitwika faili kichwani, akafuata nyuma akisali.

Kwenye kituo cha afya kando ya barabara, nesi alimpima Liliane haraka. "Wote wawili wako hai. Lakini lazima afike hospitali ya Gisenyi sasa hivi." Liliane alikuwa anatetemeka, Béata akakifungua kitenge kwenye mti na kumfunika. Ambulensi iliondoka naye, Muhire akiwa ndani.

Donat alifungua faili juu ya goti. "Ingobyi, moja. Miti, miwili. Mishipi..."

"Mitatu," alisema Béata.

"Hapa pameandikwa minne, mama."

"Wa nne umeenda Gisenyi na mgonjwa."

Donat alifunika kalamu yake. Begani mwake shati lilikuwa limechanika na kuingia matope. "Siwezi kupokea kifaa pungufu," alisema. "Lakini amri iko palepale. Jumatatu nitarudi."

Bizumuremyi alijitwika ingobyi tupu. Kushoto ilikuwa stoo, kufuli lake jipya likimeta. Kulia, njia ya kilima.

"Mama, tunaenda wapi?"

Béata aligeukia kulia, akiharakisha kama mtu aliyeiba. Donat alikuwa amesimama katikati ya njia. Aliitazama ingobyi ikija, haina mtu. Akaingia majanini, viatu vyote viwili, akangoja ipite.